Fundi Anajibu: databesi iliyokataa kuwaka, namba za simu zilizogeuka, na saa moja iliyopotea

Barua za safari hii zimetoka Goma, Bukavu na Lubumbashi, na nyingi zina chanzo kimoja kati ya viwili: umeme ulikatika mashini ikiwa kazini, au data ilitoka kwenye Excel ya Kifaransa ikaingia vibaya. Tuna ombi moja kwenu. Mnapotuandikia, nakilini ujumbe wa kosa ulivyo kwenye skrini, pamoja na namba yake. Barua inayosema "databesi imeharibika" inatuacha gizani. Barua inayosema "kosa 1045" tunaijibu kwa mistari miwili.

Jambo mafundi. Nilitengeneza programu ya mauzo kwa depo ya vinywaji hapa Birere, Goma. Inatumia XAMPP (kifurushi chenye MySQL, Apache na PHP pamoja) kwenye Windows. Juzi umeme ulikatika mchana, mashini ikazimika ghafla. Tangu siku ile, nikibonyeza Start upande wa MySQL inawaka kidogo halafu inaandika "MySQL shutdown unexpectedly". Rafiki anasema nifute ibdata1 na itapona. Nifute?

Usifute, ndugu yetu. Faili la ibdata1 ndilo daftari ambamo InnoDB, injini ya MySQL inayohifadhi majedwali, imeandika kila jedwali liko wapi na lina umbo gani. Ukilifuta, MySQL itawaka kweli, lakini ukifungua jedwali la bidhaa utakutana na kosa 1932, "doesn't exist in engine". Mafaili ya .ibd yatakuwa yapo palepale kwenye folda, na hakuna wa kuyasoma. Watu wengi wamepoteza mauzo ya mwaka mzima kwa ushauri huo.

Cha kwanza kabisa: nakili folda nzima ya C:\xampp\mysql\data kwenye flashi au diski nyingine, MySQL ikiwa imezimwa. Chochote kitakachoharibika baadaye, utarudi hapo.

Kisha fungua C:\xampp\mysql\data\mysql_error.log, shuka hadi chini, usome mistari 30 ya mwisho. Maneno ya "shutdown unexpectedly" hayana habari yoyote. Ni XAMPP inasema tu kwamba mchakato umekufa. Sababu iko kwenye logi, na kwa kawaida ni moja ya tatu.

Ukiona "Can't start server: Bind on TCP/IP port", databesi yako ni nzima. Kuna programu nyingine imekalia poti 3306, mara nyingi MySQL ya pili iliyosakinishwa zamani kama huduma ya Windows, na mashini ilipowaka upya ikawahi. Hakikisha kwa amri hii:

netstat -ano | findstr :3306

Namba ya mwisho wa mstari ndiyo ya mchakato. Itafute kwenye orodha ya michakato, kisha fungua services.msc uisimamishe huduma hiyo.

Ukiona "Aria recovery failed", pia usiogope sana. Jina MySQL kwenye XAMPP limebaki la mazoea. Kwa miaka mingi sasa ndani yake kuna MariaDB, databesi ndugu ya MySQL, na MariaDB huweka majedwali yake ya ndani, kama yale ya watumiaji na ruhusa, kwenye injini ya Aria. Hayo ndiyo yaliyoumia, bidhaa zako haziko humo. Fungua dirisha la amri, uingie kwenye folda ya data, kisha:

cd C:\xampp\mysql\data
for %f in (mysql\*.MAI) do ..\bin\aria_chk -r "%f"

Ikimaliza, hamisha mafaili ya aria_log.00000001 na aria_log_control uyaweke nje ya folda ya data. MariaDB itatengeneza mengine inapowaka. Fuata mpangilio huo: kurekebisha kwanza, kuhamisha logi baadaye.

Ukiona "InnoDB: Database page corruption", hapo ndipo pagumu. Fungua C:\xampp\mysql\bin\my.ini, na chini ya [mysqld] uongeze mstari huu:

innodb_force_recovery = 1

Jaribu kuwasha. Ikikataa, weka 2, kisha 3. Kuanzia 4 kwenda 6 data yenyewe inaweza kuharibika moja kwa moja, kwa hiyo usivuke 3 kabla ya kuwa na ile nakala ya folda mkononi. Ikishawaka, usianze kuuza. Toa data papo hapo:

C:\xampp\mysql\bin\mysqldump -u root --databases depo > D:\depo.sql

Kisha ondoa ule mstari wa force_recovery, ipe folda ya data jina data_kuukuu, nakili C:\xampp\mysql\backup uiite data, washa, na uingize depo.sql. Wengine huacha force_recovery humo miezi kadhaa kwa sababu "inafanya kazi". Hiyo ni kuendesha gari lenye breki zilizofungwa kwa kamba.

Sasa ya kuzuia. InnoDB imeundwa kuvumilia umeme kukatika: kila ukurasa wa KB 16 huandikwa mahali pawili kabla ya kuhesabiwa umeandikwa, na innodb_flush_log_at_trx_commit ikiwa 1, muamala uliothibitishwa haupotei. Angalia kwamba thamani hiyo ni 1. Kuna wanaoiweka 0 au 2 ili programu iwe nyepesi, na bei yake ni mauzo ya sekunde ya mwisho au zaidi kila umeme unapokatika. Kisha fungua sifa za diski kwenye Windows, sehemu ya sera zake, uhakikishe hukuweka alama kwenye kisanduku kinachozima usafishaji wa akiba ya kuandikia. Kikiwa na alama, diski inajibu "nimeandika" ilhali data bado iko kwenye kumbukumbu, na hapo InnoDB imedanganywa. Onduleri yenye betri nzima, hata ya dakika 10, inatosha kuzima mashini kwa utaratibu. Na mysqldump ya kila jioni iende kwenye flashi inayotoka na mwenye depo, isilale ndani ya mashini ileile.

Mafundi wapendwa, mimi ni mwanafunzi wa informatiki Bukavu. Programu ya kuandikisha wateja inakubali namba zinazoanza na 0, lakini zinazoanza na +243 zinakataliwa kwa "Duplicate entry '2147483647' for key 'simu'". Hiyo namba 2147483647 sijawahi kuiandika mimi. Imetoka wapi?

Dada yetu, namba hiyo ni 2 kwa kipeo cha 31, kutoa 1. Ndiyo kubwa kuliko zote zinazoingia kwenye safu ya aina ya INT. Uliweka simu kuwa INT. Namba kama 0990000000 inaingia ikiwa imekatwa sifuri ya mbele, inabaki tarakimu 9. Lakini +243 na tarakimu zake 9 ni tarakimu 12, kubwa mno. MySQL isiyo katika hali kali (strict mode) haikatai; inaibana namba hadi ukomo wake na kuhifadhi 2147483647. Mteja wa kwanza wa +243 aliingia hivyo bila kelele. Wa pili naye akageuzwa namba ileile, na kwa bahati nzuri uliweka UNIQUE, sharti la kutorudia thamani, ndiyo ikapiga ukelele. Bila UNIQUE ungekuwa na wateja 200 wenye simu moja, na namba zao halisi zisingerudi tena kutoka kwenye databesi.

Simu si namba ya kujumlisha, ni maandishi yenye tarakimu. Rekebisha hivi, nakala ikiwa imeshachukuliwa:

ALTER TABLE wateja MODIFY simu VARCHAR(16) NULL;
UPDATE wateja SET simu = NULL WHERE simu = '2147483647';
UPDATE wateja SET simu = CONCAT('+243', simu)
WHERE CHAR_LENGTH(simu) = 9 AND LEFT(simu, 1) IN ('8', '9');

Tumeweka 16 kwa sababu namba ya kimataifa haizidi tarakimu 15, na alama ya + ni ya 16. Sharti la 8 na 9 lisiachwe: ukiwa Bukavu au Goma, wateja wa ng'ambo ya mpaka wana namba za Rwanda zinazoanza na 07, ambazo zikikatwa sifuri zinakuwa tarakimu 9 pia. Ukizibandika +243 utakuwa umetunga namba zisizo za mtu yeyote. Hizo zishughulikie kwa mkono, kwa +250. Wengine watakushauri BIGINT. Itabeba tarakimu, ndiyo, lakini sifuri na alama ya + zitaendelea kupotea.

Halafu washa hali kali, ili siku nyingine MySQL ikatae kwa kosa 1264 badala ya kuhifadhi uongo: ongeza STRICT_TRANS_TABLES kwenye mstari wa sql_mode ndani ya my.ini, kisha uzime na kuwasha.

Ukiwa hapohapo, angalia safu za pesa. Kosa ni la familia moja. Jumla ya faranga kwenye INT inagonga ukomo uleule wa 2,147,483,647, na kwa depo kubwa faranga bilioni mbili si mbali. FLOAT ni mbaya zaidi kwa sababu haigomi: inashika tarakimu kama 7 tu, hata 16,777,217 haiwezi kuihifadhi sawasawa. Ankara ya faranga milioni 16 ni jambo la kila siku. Tumia DECIMAL(15,2), weka safu ya sarafu kando, CDF au USD, na kwenye kila muamala hifadhi kiwango cha kubadilisha cha siku hiyo. Mkitegemea kiwango kimoja kilicho kwenye mipangilio, ripoti za mwezi uliopita zitabadilika kila dola inapopanda.

Mimi ni mwalimu, Kampemba, Lubumbashi. Shule imenipa orodha ya wanafunzi 640 kwenye Excel. Niliihifadhi kama CSV. phpMyAdmin inasema "Invalid column count in CSV input on line 1". Nilipolazimisha, majina yaliingia kama "BÃ©atrice" na "JoÃ«l", tarehe zote zikawa 0000-00-00, na ada ya 125,50 ikawa 125.

Mwalimu, umekutana na mitego minne kwa pigo moja, na yote inatoka mahali pamoja: Excel na Windows zako ni za Kifaransa, MySQL ina desturi zake nyingine.

Excel ya Kifaransa hutenganisha safu kwa nukta mkato, kwa sababu koma imeshachukuliwa na desimali. phpMyAdmin inatafuta koma, haioni, inadhani mstari mzima ni safu moja. Kwenye ukurasa wa kuingiza, badilisha alama ya kutenganisha iwe nukta mkato (;), na kosa la kwanza linaisha. Ada ya 125,50 ilikatwa kwenye koma kwa sababu hiyohiyo ya desturi. Na 14/09/2011 si tarehe kwa MySQL, inataka 2011-09-14. Kwenye hali kali ungepata kosa 1292, kwenye hali legevu unapewa sifuri.

Majina yanahitaji maelezo zaidi, maana hapa wengi hubahatisha. UTF-8 na Windows-1252 (kwa MySQL, latin1) ni namna mbili za kuandika herufi kwa baiti. Herufi é kwenye UTF-8 ni baiti mbili, C3 na A9. Ukizisoma kana kwamba ni Windows-1252, ya kwanza inaonekana Ã na ya pili ©. Kwa hiyo ukiona Ã©, faili ni UTF-8 na wewe umeiambia MySQL ni latin1. Ukiona kosa 1366 lenye "\xE9", mambo ni kinyume: faili ni Windows-1252, ambako é ni baiti moja ya E9, na MySQL inaisoma kama UTF-8. Dalili hizo mbili zinakupa jibu bila kukisia.

Futa ulichoingiza, rudi kwenye Excel, ondoa kitenganishi cha maelfu kwenye safu ya ada, kisha hifadhi kwa aina ya "CSV UTF-8". Kitenganishi hicho ni muhimu: Excel ya Kifaransa huweka nafasi maalumu isiyokatika, inayofanana na nafasi ya kawaida machoni, lakini REPLACE ya nafasi ya kawaida haiigusi. Halafu tumia amri hii badala ya phpMyAdmin:

LOAD DATA LOCAL INFILE 'C:/orodha/wanafunzi.csv'
INTO TABLE wanafunzi
CHARACTER SET utf8mb4
FIELDS TERMINATED BY ';' OPTIONALLY ENCLOSED BY '"'
LINES TERMINATED BY '\r\n'
IGNORE 1 LINES
(namba, jina, postnomu, @kuzaliwa, @ada)
SET kuzaliwa = STR_TO_DATE(@kuzaliwa, '%d/%m/%Y'),
ada = REPLACE(@ada, ',', '.');

Njia katika Windows iandikwe kwa mkwaju wa kawaida (/) kama hapo juu. MySQL 8 ikijibu kosa 3948, "Loading local data is disabled", ruhusu pande zote mbili: kwenye seva SET GLOBAL local_infile = 1, na unapoingia ongeza --local-infile=1. Mwisho hesabu: SELECT COUNT(*) irudishe 640 kamili. Ikirudisha 641, kuna mstari wa jumla chini ya orodha. Ikirudisha pungufu, soma SHOW WARNINGS kabla ya kufanya jambo lingine.

Kama majina mabovu yameshaanza kutumika na huwezi kufuta, yanaweza kugeuzwa palepale. Tazama kwanza:

SELECT jina, CONVERT(CAST(CONVERT(jina USING latin1) AS BINARY) USING utf8mb4)
FROM wanafunzi WHERE jina LIKE BINARY '%Ã%';

Neno BINARY lisisahaulike. Bila hilo, ulinganishaji wa kawaida wa MySQL unaona Ã na a kuwa herufi moja, na kila mwenye a katika jina lake ataingia kwenye orodha. Mtu ambaye jina lake lilikuwa zima, lenye é sahihi, akigeuzwa tena ataharibika. Ukiridhika na safu ya pili, ndipo uandike UPDATE.

Natunza programu ya kituo cha afya Goma. Rekodi zote zinaonyesha saa moja nyuma. Mgonjwa aliyepokewa saa 00:30 usiku anaonekana alikuja jana yake saa 23:30. Nikisogeza saa ya kompyuta mbele, kesho yake inarudi.

Usisogeze saa, ndugu. Saa ni sahihi, eneo la saa ndilo lililokosewa. Nchi yetu ina maeneo mawili: Kinshasa na magharibi ni UTC+1, Goma, Bukavu na Lubumbashi ni UTC+2. Aliyesakinisha alitafuta Kongo kwenye orodha, akaona Africa/Kinshasa, akachagua. Letu linaitwa Africa/Lubumbashi. Kwenye Windows jina hilo halipo. Chagua "(UTC+02:00) Harare, Pretoria".

Rekebisha mahali patatu, kwa sababu kila mahali pana mpangilio wake. Kwenye Linux: sudo timedatectl set-timezone Africa/Lubumbashi. Kwenye php.ini: date.timezone = Africa/Lubumbashi, kisha washa upya Apache. Kwenye MySQL, chini ya [mysqld]: default-time-zone = '+02:00'. Tumeandika +02:00 badala ya jina kwa makusudi: jina linahitaji majedwali ya maeneo ya saa yaliyojazwa, na yasipojazwa unapata kosa 1298. Huku hatubadilishi saa kwa majira, kwa hiyo +02:00 inafaa mwaka mzima. Hakikisha:

SELECT @@global.time_zone, NOW(), UTC_TIMESTAMP();

Tofauti kati ya saa hizo mbili iwe saa 2 kamili.

Rekodi za zamani zategemea aina ya safu. TIMESTAMP huhifadhiwa kwa UTC na kugeuzwa wakati wa kusoma, kwa hiyo nyingi zitajirekebisha zenyewe. DATETIME hubaki ilivyoandikwa. Hizo ziongezee INTERVAL 1 HOUR kwa rekodi zilizotangulia dakika ya marekebisho tu. Chukua wagonjwa watano ambao saa zao ziko kwenye daftari la karatasi la mapokezi, ulinganishe kabla ya kugusa jedwali zima. Kwenye kituo cha afya saa ya dawa si mapambo.

Umeme ulikatika nikiwa katikati ya git commit. Sasa kila amri inajibu "error: object file .git/objects/… is empty" na "fatal: loose object … is corrupt". Kazi ya wiki mbili sijaituma popote. (Ibanda, Bukavu)

Tulia, mafaili yako ya kazi yapo. Kilichoumia ni historia ambayo Git hutunza, na huenda ni commit (hatua iliyohifadhiwa) moja tu ya mwisho. Git ilifungua faili, mfumo ukalipokea kwenye kumbukumbu, umeme ukaondoka kabla halijafika kwenye diski. Likabaki jina lenye baiti 0.

Nakili folda nzima ya mradi pembeni. Kisha, ndani ya Git Bash:

find .git/objects -type f -empty -delete
git fsck --full

Kama fsck inalalamika kuhusu HEAD, tawi lako linaelekeza kwenye commit iliyofutika. Tazama historia ya tawi:

tail -n 3 .git/logs/refs/heads/main

Kila mstari una namba mbili ndefu: ya kwanza ni commit ya kabla, ya pili ni ya baada. Chukua ile ya kwanza ya mstari wa mwisho, ujaribu git show na namba hiyo. Ikifunguka, irudishe:

git update-ref HEAD namba-hiyo
git status

Utaona mabadiliko yako yote yakisubiri commit upya. Ikilalamika "index file corrupt", futa .git/index uandike git reset, bila --hard. Tunarudia: bila --hard, maana hiyo ndiyo ingefuta kazi yako ya wiki mbili.

Kuanzia Git 2.36 kuna mpangilio unaoilazimisha isubiri diski: git config --global core.fsync all. Commit itachelewa kidogo, na kwa umeme wetu tunaona inafaa. Na tuma kila jioni, hata kwenye flashi: git init --bare kwenye flashi, kisha git remote add flashi na njia yake.

Nimehamisha wagonjwa 4,318 kutoka Excel kwenda PostgreSQL, na namba zao za zamani. Nikiongeza mpya: "duplicate key value violates unique constraint wagonjwa_pkey, Key (id)=(1) already exists". Nikijaribu tena inasema (2), halafu (3). (Katuba, Lubumbashi)

Kaunta inayotoa namba mpya haikujua kwamba uliingiza namba kwa mkono, bado iko mwanzo. Kila jaribio linachukua namba moja, na jaribio likishindwa namba hairudishwi, ndiyo maana unaona 1, 2, 3. Waliozoea MySQL hushangaa, kwani AUTO_INCREMENT husogea yenyewe. Isogeze:

SELECT setval(pg_get_serial_sequence('wagonjwa', 'id'), MAX(id)) FROM wagonjwa;

Mgonjwa ajaye atapata namba inayofuata ile kubwa kuliko zote. Fanya hivyo kwa kila jedwali ulilolijaza kwa COPY, amri ya PostgreSQL ya kuingiza data kwa wingi.

"Access denied for user 'root'@'localhost'", na neno la siri naliandika sawa kabisa! (Himbi, Goma)

Soma maneno ya mwisho wa ujumbe. "using password: NO" maana yake hakuna neno la siri lililotumwa, umesahau -p. Ikiwa YES, limetumwa lakini si lenyewe. Kwenye seva zetu tunashuku kibodi kwanza: mashini ni AZERTY, Ubuntu ilisakinishwa kwa QWERTY, hivyo a inatoka q, z inatoka w, na wewe huoni kwa sababu neno la siri halionyeshwi. Andika neno hilo pale linapoombwa jina la mtumiaji, ulisome kwa macho. Dawa ni sudo dpkg-reconfigure keyboard-configuration. Pia usiweke nafasi baada ya -p, la sivyo neno linalofuata linachukuliwa kuwa jina la databesi. Na kama ni MySQL mpya ya Ubuntu, root haina neno la siri kabisa: andika sudo mysql.

Katika familia hiyohiyo ni kosa 1064 kwa amri mliyotumiwa ndani ya Word au kwa simu. Word ya Kifaransa hugeuza alama za kunukuu kuwa « » au zilizopinda, na MySQL inajua zilizonyooka tu. Zifute, uziandike upya kwa mkono.

npm install inafika katikati kisha ETIMEDOUT au ECONNRESET. Megabaiti zinaisha, mradi haukamiliki. (Kadutu, Bukavu)

Kwa kawaida npm, chombo cha kupakua vifurushi vya JavaScript, hujaribu tena mara 2 tu. Iongezee subira:

npm config set fetch-retries 6
npm config set fetch-retry-maxtimeout 120000
npm config set fetch-timeout 600000

Thamani za wakati ni milisekunde. Ikikatika, usifute node_modules wala akiba. Rudia kwa npm install --prefer-offline, na vilivyokwisha kupakuliwa havitaombwa tena. Mkiwa watu watano kwenye mradi mmoja, mmoja apakue kwa ukamilifu. npm config get cache itamwonyesha folda ya akiba ilipo. Ainakili kwenye flashi, wengine waiweke mahali pa zao, kisha kila mmoja, akiwa na package-lock.json ileile, aandike npm ci --offline. Ikijibu ENOTCACHED, ujumbe utataja kifurushi kilichokosekana: rudia kwa --prefer-offline, na npm itatafuta mtandaoni kilichopungua peke yake.